Upweke Haujawahi Kumkinga Mchawi

Kanuni aliyolelewa nayo Mika Moon ni fupi: mchawi akae peke yake. Asiishi na mchawi mwenzake, asizoeane mno na wasio wachawi, asikae mahali pamoja mpaka majirani wakaanza kuulizana. Katika riwaya ya Sangu Mandanna, The Very Secret Society of Irregular Witches, wachawi wa Uingereza hukutana mara moja kila baada ya miezi mitatu, kwa saa chache tu, kisha kila mmoja hushika njia yake. Wameambiwa kwamba uchawi wao ukikusanyika mahali pamoja utaonekana, na ukionekana, watu watawarudia kwa kamba kama zamani.

Kitabu kilitoka Agosti 2022, wakati soko la vitabu vya Kiingereza likiwa limejaa fantasia zisizo na vita. Hakuna ufalme wa kuokoa wala jeshi la giza. Kuna jiko lenye moto, bustani, mbwa, birika la chai, na watu wasio na damu moja ambao mwisho wa hadithi wamekuwa ndugu. Wengi husoma vitabu hivi kujiliwaza baada ya siku ngumu, na wahakiki nao huviacha hapo hapo, kwenye kujiliwaza. Kwa kitabu hiki nadhani wanakipunja. Chini ya utulivu wake kuna hoja kali kuhusu watu wanaoogopwa: kumtenga mtu wa namna hiyo, hata kwa nia ya kumlinda, ni kumwandaa kwa wawindaji. Na historia ya uwindaji wa wachawi, ya Uingereza na ya kwetu, inaiunga mkono hoja hiyo kuliko riwaya yenyewe inavyodiriki kusema.

Mika alizaliwa India, akafiwa na wazazi akiwa mchanga, akachukuliwa na Primrose, mchawi mzee mwenye mali, akaletwa Uingereza. Kumchukua alimchukua, kumlea hakumlea. Alimweka katika nyumba kubwa, akamwajiria yaya na mwalimu, na kila yaya alipoanza kuhisi kwamba mtoto huyu ana jambo, aliondolewa akaletwa mwingine. Mtoto akakua akijua kwamba kila anayemzoea ataondoka. Riwaya inamkuta akiwa amevuka miaka 30, mchangamfu, mwepesi wa maneno, asiye na mtu. Hujirekodi akichemsha dawa za kichawi na kuzirusha video zake mtandaoni, akiamini kwamba watazamaji wataona ni maigizo tu. Mzee mmoja, Ian, mwigizaji mstaafu, anatazama na kutambua kwamba haigizi. Anamwita Nowhere House, nyumba ya mashambani huko Norfolk, aje kuwafundisha wasichana watatu: Rosetta, Terracotta na Altamira. Wote watatu ni wachawi, na wanaishi chini ya paa moja, kinyume kabisa cha kanuni.

Mandanna, aliyekulia India, anaishi Norwich, kwa hiyo Norfolk ni nyumbani kwake. Lakini kwa hadithi ya wachawi, pembe hiyo ya mashariki mwa Uingereza ina uzito wake. Hapo ndipo alipofanya kazi Matthew Hopkins, aliyejipa cheo cha mkuu wa wawindaji wa wachawi. Kati ya 1645 na 1647, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, yeye na wenzake walizunguka Essex, Suffolk na Norfolk, miji ikiwaita na kuwalipa. Waliopoteza maisha kwa sababu ya kazi yao wanakadiriwa kupita 100, wengi wao wanawake. Bury St Edmunds peke yake iliwanyonga watu 18 kwa siku moja, Agosti 1645.

Mwanamke wa kwanza kukamatwa katika wimbi hilo alikuwa Elizabeth Clarke wa Manningtree, Essex. Alikuwa mzee, fukara, na mguu mmoja hakuwa nao. Walimkesha usiku baada ya usiku, wasimwache alale, mpaka akaanza kutaja majina ya wanyama waliodaiwa kumtumikia: mmoja aliitwa Holt, mwingine Jarmara, mwingine Vinegar Tom. Akataja na wanawake wenzake. Mwezi Julai mwaka ule alinyongwa Chelmsford. Hakuwa na mume wa kusimama mlangoni wala mali ya kumnyamazisha anayemsema. Waliokwenda kumkesha walijua kwamba hakuna atakayekuja kuuliza.

Kwa hiyo ninapomwona Mika akiingia Nowhere House na mbwa wake aitwaye Circe, jina la mchawi wa hadithi za kale za Kigiriki, na samaki wake aliosafiri nao garini, nashindwa kuona ni urembo wa hadithi tu. Mwaka 1645, katika eneo lile lile, mnyama anayependwa na mwanamke mpweke alikuwa ushahidi mahakamani. Mandanna anamrudishia mwanamke huyo mnyama wake, na hafanyi makeke yoyote kuhusu jambo hilo. Mbwa analala mbele ya moto, watoto wanamkumbatia, basi. Msomaji anayeijua historia anajua kilichorekebishwa hapo.

Mhusika aliyenishika zaidi, hata hivyo, ni Primrose. Ingekuwa rahisi kumfanya mwovu, na Mandanna anaikataa njia hiyo. Primrose anaamini kwa moyo wote kwamba anawaokoa wenzake. Hofu anayoitunza ni hofu ya kweli, ya watu walionyongwa kweli, ila imeendelea kupokezwa kizazi kwa kizazi baada ya kamba kuondolewa. Bunge la Uingereza liliifuta sheria ya kuwaua wachawi mwaka 1735. Primrose anaishi karne ya 21, mlangoni kwake hakuna Hopkins, na bado anawalea watoto kama kwamba anakuja kesho asubuhi. Hofu imegeuka malezi. Imekuwa adabu, ratiba, orodha ya mambo yasiyofanywa. Kila familia iliyopitia msiba mkubwa ina bibi wa namna hii, na wajukuu wake hawajui kwa nini wanakatazwa kupita njia fulani; wanajua tu kwamba hawapiti.

Riwaya inaliongezea jambo hili tanzi jingine. Katika dunia yake kila mchawi ni yatima: uchawi uliokosewa vizazi vingi nyuma huwaua wazazi wa kila mtoto anayezaliwa na kipaji hicho. Yaani hakuna mchawi aliyewahi kulelewa na mchawi aliyemzaa. Kinachorithiwa ni kanuni peke yake. Nimesoma fantasia nyingi ambamo yatima ni kisingizio cha kumwachia shujaa nafasi ya kutangatanga. Hapa uyatima unafanya kazi ya maana: unaeleza kwa nini watu wenye nguvu za ajabu wamekubali kuishi kinyonge hivyo. Hakuna aliyewahi kuwaonyesha namna nyingine.

Ndipo inapokuja nyumba yenyewe. Anayeimiliki ni Lillian, mwanaakiolojia mchawi ambaye yuko safarini daima, na ndiye aliyewachukua wasichana hao. Wanaowalea hasa ni watu wanne. Ian. Mume wa Ian, Ken, anayetunza bustani. Lucie, msimamizi wa nyumba. Na Jamie, mtunza maktaba, mwenye uso wa kumfukuza mgeni. Hawa wanne hawana uchawi wowote. Wana zamu. Kuna anayepika, anayeamsha watoto, anayejua nani anaogopa nini. Sisi tuna msemo kwamba undugu ni kufaana, si kufanana, na tunautaja upesi sana, kama kwamba kufaana huja kwenyewe. Mandanna anaonyesha kazi iliyomo. Mika anaingia kama mwajiriwa. Terracotta hamtaki na hafichi. Anamtishia waziwazi, siku baada ya siku, kwa ubunifu wa mtoto aliyesoma vitabu vingi. Na ana haki. Kwake mgeni ni mtu anayeweza kuibomoa nyumba. Imani yake hainunuliwi kwa wema mmoja mkubwa wala kwa tukio la kuokoana mtoni. Inakuja kwa sababu Mika yupo leo, yupo kesho, na hata akikasirikiwa bado yupo. Kurasa hizo ndizo bora kuliko zote kitabuni, na zinaweza kusomwa na mlezi yeyote aliyewahi kumpokea mtoto wa ndugu, wa kambo au wa mtaani akaona mlango wa moyo umefungwa kwa komeo.

Nitaitaja siri ya nyumba, maana bila hiyo uchambuzi unakwama. Asiyetaka kuijua asome kitabu kwanza. Lillian hayuko safarini. Amekufa, na wale wanne wameficha kifo chake kwa sababu kikijulikana, mwanasheria wake, Edward, atafungua mlango kwa mamlaka, na mamlaka zitawatawanya watoto. Mika, aliyeaminishwa kwamba hatimaye ana watu, anagundua kwamba watu hao walimdanganya tangu siku ya kwanza. Hapo riwaya inauliza swali zito: je, familia ya kujichagulia inaweza kujengwa juu ya uongo uliotungwa kuwalinda watoto? Na swali hilo ni lile lile la Primrose, limevaa nguo nyingine. Naye alificha ili alinde. Tofauti ni kwamba watu wa Nowhere House walificha ili wabaki pamoja, yeye aliwaficha watu wasipate kuwa pamoja.

Sasa msomaji wa Kiswahili anakisoma kitabu hiki akiwa amesimama mahali pengine, na sioni sababu ya kujifanya vingine. Usukumani, mzee wa kike anayeuawa kwa tuhuma za uchawi kwa kawaida anafanana sana na Elizabeth Clarke. Ni mjane. Anaishi peke yake, watoto wako mbali au wamekufa. Macho yake ni mekundu kwa miaka ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha, na wekundu huo unatajwa kuwa alama. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo mtu analitaka. Wakata mapanga hukodiwa, huja usiku, hupiga hodi kwenye nyumba wanayojua ina mtu mmoja. Kwa miaka mingi taarifa za haki za binadamu kutoka Shinyanga, Mwanza, Geita, Simiyu na Tabora zimejaa vifo hivyo. Wanaofanya kazi na wazee wilayani Magu walihangaika na vitu vya kawaida kabisa: majiko banifu ili moshi upungue, nyumba imara zaidi, mazungumzo na sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji. Nawaheshimu mno kwa hilo. Walielewa kwamba ushirikina unapata nguvu pale ambapo mtu hana mlango mzuri wala jirani wa kuitika.

Ukienda Ganze, kaunti ya Kilifi, utakuta jibu jingine. Kaya Godoma ni mahali wanapokimbilia wazee waliotuhumiwa uchawi, wengi wao wakiwa wametishiwa na watu wa damu yao: watoto, wapwa, wajukuu wanaougojea urithi wa ardhi. Hapo wanaishi pamoja na wengine wenye tuhuma ile ile. Mvi, ambazo kwao zimekuwa hatari, hapo zimewazunguka kila upande. Najua si nyumba ya hadithi. Ni kimbilio la watu walionyang'anywa nyumba, na mtu mzima wa miaka 70 hakupaswa kuanza upya. Lakini wazo lililoiweka kaya hiyo ni lile lile ambalo Primrose analiogopa: wakusanye. Wanaofanana kwa hatari waishi mahali pamoja, wahesabiwe, waonekane, na anayekuja usiku ajue kwamba macho ni mengi.

Uhusiano wetu na Uingereza katika jambo hili una na sura ya sheria. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyotunga sheria ya uchawi ya Kenya mwaka 1925 na ya Tanganyika mwaka 1928, zaidi ya miaka 180 baada ya bunge lao kufunga ukurasa huo nyumbani kwao. Zilikuwa na nia ya kumwadhibu anayejifanya mchawi na anayemsingizia mwenzake pia. Kisii, Mei 2008, wazee 11 walichomwa moto kwa tuhuma hizo, na Oktoba 2021 wanawake wazee wanne wakauawa Marani, kaunti hiyo hiyo. Sheria ilikuwepo miaka yote hiyo, kwenye vitabu.

Na kuna Kongo, ambako riwaya hii ingesomwa kwa kushtuka. Kwa Mandanna, mtoto akiwa mchawi anakuwa yatima. Kinshasa mambo huenda kinyume: mtoto akiwa yatima anakuwa mchawi. Mama amekufa, baba ameoa mwingine, au mtoto amepelekwa kwa shangazi asiye na chakula cha kutosha. Kisha kazi inapotea, mtu anaugua, na kinywa cha ziada ndicho kinachonyooshewa kidole. Mchungaji wa kanisa dogo anathibitisha, malipo yanatolewa, mtoto analazimishwa kufunga kula siku kadhaa, na baadaye anaishia barabarani miongoni mwa shege, watoto wa mitaani wa Kinshasa. Hali ilikuwa kubwa kiasi kwamba Katiba ya Kongo ya 2006, katika ibara ya 41, imetaja kwa jina kumtuhumu mtoto uchawi kuwa jambo lililokatazwa, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 ikaliwekea adhabu. Nikiwa na picha hiyo kichwani, nyumba yenye mayatima watatu wanaoitwa wachawi na bado wanapewa kifungua kinywa, vitanda safi na mwalimu, hainiletei usingizi mtamu. Inanifanya nione hasa walichonyimwa wale wengine, kitu kwa kitu.

Kuna jambo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha kuhusu kitabu hiki, nalo ni majina ya wasichana. Lillian, mwanaakiolojia, amewapa watoto aliowachukua majina ya mambo ya kale. Rosetta ni jiwe lililochukuliwa na wanajeshi wa Ufaransa kule Misri mwaka 1799 na ambalo tangu 1802 limo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Terracotta ni askari wa udongo waliofukuliwa na wakulima waliokuwa wakichimba kisima China mwaka 1974. Altamira ni pango la Hispania lenye michoro ya wanyama darini. Mwanamke tajiri wa Kiingereza anazunguka dunia, anakusanya watoto, anawaweka katika nyumba kubwa na kuwaita kwa majina ya vitu vinavyokusanywa. Kisha anaondoka kwenda kukusanya vingine. Primrose naye alimchukua Mika kutoka India kwa namna hiyo hiyo. Mandanna, mwanamke wa Kihindi anayeishi Uingereza, hakuyaweka majina hayo bila kujua. Sikubali kwamba ni bahati. Lakini anayapita kwa tabasamu, na hapo ndipo ninapomdai. Watoto hawa siku moja watauliza walikuwa wanaitwa nani kabla. Nyumba inayostahili kuitwa familia lazima iwe na mtu wa kulijibu swali hilo, na Ken au Lucie angelijibu vizuri, lau mwandishi angewapa ukurasa.

Mapenzi ya Mika na Jamie yanakwenda kama yanavyotarajiwa: ugomvi, ukaribu, kutengana, kurudiana. Yameandikwa kwa upole na sina la kuongeza. Kinachonisumbua zaidi ni kasi ya msamaha. Mwanamke aliyefundishwa maisha yake yote kwamba kila mtu ataondoka, akadanganywa na watu pekee aliowaamini, hangerudi haraka hivyo. Ukali wa Terracotta ulipewa muda wa kuyeyuka. Jeraha la Mika halikupewa.

Na kuna majirani. Tishio la Nowhere House linakuja na mwanasheria, makaratasi na tarehe ya mwisho. Kijiji kilicho nje ya uzio hakina uso. Hatujui mwenye duka anafikiri nini, wala mama anayepita barabarani na mbwa wake anajiuliza nini kuhusu watoto watatu ambao hawaonekani shuleni. Ninaelewa kwa nini: uso mmoja wa jirani mwenye shaka ungetosha kuirudisha hadithi mwaka 1645, na ahadi ya aina hii ya riwaya ni kwamba msomaji hatapelekwa huko. Lakini hoja ya kitabu ilihitaji jaribio hilo. Upweke wa Primrose uliandaliwa dhidi ya jirani, si dhidi ya mwanasheria. Ili Mika ashinde hoja kweli, ilibidi siku moja jirani apige hodi akiwa na maneno aliyoyasikia sokoni, na Lucie amfungulie, amkaribishe ndani, ampe chai mbele ya Altamira anayechezea vumbi la dhahabu la uchawi wake mezani. Sura hiyo haimo, na katika kurasa zote 300 na ushei za kitabu hiki, ndiyo sura niliyotamani kuisoma kuliko zote.